Mjadala: Je, Halloween ya pili iliua hofu ya ile ya kwanza?

Wadau wa filamu za kutisha, naleta hoja mezani na naomba tuijadili kwa kutazama kilichomo ndani ya picha zenyewe, tuache mapenzi pembeni kidogo. Msimamo wangu ni huu: Halloween II ya mwaka 1981 imetengenezwa kwa ustadi, lakini iliidhuru picha iliyoizaa, na iliidhuru kwa kueleza kisichohitaji kuelezwa.

Kwa ambao hawajaziona: ya kwanza, ya muongozaji John Carpenter, ilitoka 1978 kwa bajeti ya dola 300,000 na ushei. Usiku wa Halloween mwaka 1963, katika mji wa kubuni wa Haddonfield, jimbo la Illinois, mtoto wa miaka sita aitwaye Michael Myers anamchoma kisu dada yake Judith hadi kufa. Miaka 15 baadaye anatoroka hospitali ya wagonjwa wa akili, anarudi mjini kwao na kuanza kumfuatilia msichana wa shule, Laurie Strode. Huyo ni Jamie Lee Curtis, na ndiyo filamu yake ya kwanza. Daktari wa Michael, Loomis, anamsaka huku na huku. Sehemu ya pili inaendelea usiku uleule, Laurie akiwa amekimbizwa hospitali na majeraha yake.

Sasa, kwa nini Laurie? Irudieni ile asubuhi. Baba yake Laurie anauza nyumba, amemwomba apitie kwenye nyumba ya akina Myers aache ufunguo. Laurie anakwenda akiwa na mtoto Tommy, ambaye anamsihi asisogee pale. Anapanda ngazi, anainama, anausukuma ufunguo chini ya mkeka. Hapo kamera inahamia ndani. Tunamwona Laurie kwa upande wa pili wa mlango, halafu kunasikika pumzi. Anaondoka zake akiimba peke yake njiani, na bega la mtu linaingia pembeni mwa picha, likimtazama anavyoishia.

Basi. Hiyo ndiyo sababu yote tuliyopewa. Alisogelea mlango. Angetumwa mwingine, angefuatwa mwingine. Nikiitazama sehemu hiyo hadi leo mwili unanisisimka, kwa sababu kila mmoja wetu ametumwa mahali, ameacha kitu mlangoni, akaenda zake bila kujua nani alikuwa ndani.

Halafu inakuja 1981. Loomis yuko ndani ya gari, na muuguzi Marion anamfunulia siri iliyofungiwa kwenye majalada: Laurie ni mdogo wake Michael, alichukuliwa na kulelewa na familia ya Strode. Kumbe muuaji alikuwa anatafuta ndugu! Tangu hapo mtazamaji anaweza kulala usingizi wake. Mimi si ndugu yake Michael Myers, yananihusu nini?

Na ubaya wa maelezo ni kwamba hayabaki yalipotolewa, yanarudi nyuma. Wakati sehemu ya pili inatengenezwa, Carpenter alipiga vipande vya ziada kwa ajili ya ya kwanza ioneshwe kwenye televisheni, na kimojawapo kinamwonesha Loomis akilikuta neno "dada" limechorwa kwenye mlango wa chumba alichotoroka Michael. Yaani picha ya 1978 ikabebeshwa siri ambayo haikuwa nayo ilipozaliwa.

Kuhusu damu sitakaa sana. Ya kwanza karibu haina damu. Ya pili ina muuguzi aliyekamuliwa damu yote kwa mpira wa dripu hadi ikatapakaa sakafuni. Friday the 13th, picha iliyojaa damu, ilishatoka 1980 na watazamaji walikuwa wamezoea vingine. Hilo naweza kulisamehe. La udugu siwezi.

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, umemkuta mgonjwa mmoja unatangaza tauni. Kama maelezo ndiyo yanayoua hofu, Aliens ya James Cameron, mwendelezo wa Alien, ingekuwa imezikwa siku ya kwanza. Alien ya Ridley Scott ya 1979 ilikuwa na kiumbe mmoja, watu saba, na meli yenye giza. Tulimwona kwa vipande tu, mkia hapa, meno pale. Ya 1986 ikaja ikaeleza karibu kila kitu: wanatagwa na malkia, wanaishi kwa kundi, wanateka watu wazima wazima na kuwagandisha ukutani ili mayai yapate miili ya kuingilia. Je, hofu ilikufa? Kumbuka wanajeshi wamejifungia chumbani, kile kifaa cha kupima mwendo kinalia, namba za mita zinashuka. Zinashuka hadi zinakuwa ndogo kuliko urefu wa chumba chenyewe. Wote wanatazama milango, milango imefungwa. Kisha mmoja anapanda juu, anasukuma kipande cha dari, anamulika tochi, na kule wanakuja wakitambaa. Niambie hapo maelezo yamepunguza nini.

Mleta mada:

Umeleta mfano mzuri kuliko wote, na ndio unaonisaidia. Cameron ameeleza *jinsi*. Hajaeleza *kwa nini wewe*. Viumbe wale wanahitaji mwili, na mwili wowote unafaa: wa mwanajeshi, wa fundi, wa mtoto. Kadiri unavyojua jinsi wanavyozaliana, ndivyo unavyoona kwamba hakuna aliye salama. Maelezo yake yamepanua duara la wanaowindwa. Maelezo ya Halloween II yamelibana duara likabaki na mtu mmoja. Hiyo ndiyo tofauti ninayoisema, sijasema kila mwendelezo ufunge mdomo.

Tena Cameron aliheshimu jambo moja: hakujaribu kumtisha mtu kwa giza lilelile. Alijua kiumbe ameshaonekana, akabadilisha hofu yenyewe kutoka upweke hadi kuzidiwa na wengi.

Mchangiaji wa pili:

Naomba niitetee Halloween II, maana naona inahukumiwa bila wakili. Mleta mada, jiweke kwenye kiti cha mwandishi. Mwaka ni 1981, unatakiwa uendeleze usiku uleule. Laurie amechukuliwa na gari la wagonjwa, yuko hospitali. Michael ana risasi mwilini na mji mzima uko mbele yake, nyumba zimejaa watu. Kwa nini avuke mji kwenda kumtafuta msichana yuleyule? Kama ni bahati tu, atamuua aliye karibu. Bila sababu huna filamu, una matukio yaliyopangwa foleni. Udugu uliwapa uti wa mgongo.

Na usisahau kilichofanyika vizuri mle. Laurie ameteguka, amedungwa dawa, anatambaa kwenye maegesho ya hospitali. Loomis anafika na wenzake, wako hatua chache tu kutoka alipo. Anafungua mdomo awaite, sauti haitoki. Wanaingia ndani, mlango unafungwa. Hofu ya namna hiyo haimo kwenye ya kwanza, na mimi naiweka juu ya nyingi.

Mleta mada:

Maegesho nakupa kwa mikono miwili. Ni dakika ambazo zingestahili kuwa kwenye filamu bora zaidi.

Lakini hoja ya uti wa mgongo siipokei. Kwenye ya kwanza Michael anamuua Annie, anamuua Bob, anamuua Lynda. Kati ya vijana hao hakuna ndugu yake hata mmoja. Baada ya kumbandika Bob ukutani kwa kisu, anasimama anamtazama, anainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili, taratibu, kama mtu anayetaka kuelewa alichokifanya. Huyo si mtu mwenye orodha ya ukoo mfukoni. Halafu Laurie akamponyoka. Alimchoma jicho kwa waya wa hanga akiwa kabatini, akamchoma kwa kisu chake mwenyewe, na bado akabaki hai. Kiumbe asiyeacha kazi katikati hahitaji cheti cha kuzaliwa ili amrudie. Sababu hiyo ilikuwa tayari mezani, tena ingetisha zaidi, kwa kuwa Laurie asingekuwa na chochote cha kujieleza nayo.

Na miaka 40 baada ya ile ya kwanza, muongozaji David Gordon Green alifanya hivyohivyo. Halloween yake ya 2018 inaufuta udugu. Mjukuu wa Laurie anasema ni jambo ambalo watu walilizusha tu. Filamu ikasimama.

Mchangiaji wa tatu:

Ikasimama kwa kuegemea gongo! Kwenye hiyo ya 2018, nani aliyemfikisha Michael karibu na nyumba ya Laurie? Daktari wake mpya, Sartain, ndiye aliyemtia ndani ya gari la polisi akaelekea naye huko. Kwa hiyo waliufuta udugu, kisha wakakosa njia ya kuwakutanisha, wakaleta dereva. Mchangiaji wa pili yuko sahihi.

Halafu tazameni kilichofuata. Halloween Kills ya 2021 ilikwenda nayo hadi mwisho: usiku uleule tena, Laurie yuko hospitali tena, na Michael hamtafuti kabisa. Anarudi zake nyumbani kwao. Laurie anakaa kitandani karibu filamu nzima. Ndiyo picha uliyokuwa unaiomba, mleta mada. Umeipenda?

Mleta mada:

Daktari wa 2018 ni udhaifu, hilo halina ubishi. Walihitaji gari na walilipata kwa bei ya chini.

Halloween Kills sikuipenda, ila sababu yake ni nyingine. Iliondoa udugu kwa mkono wa kulia, kisha kwa mkono wa kushoto ikaanza kutuhubiria kwamba Michael ni uovu wenyewe, kwamba kila anapoua anazidi kuwa kitu kingine. Hayo nayo ni maelezo. Umati unamzunguka barabarani, unampiga, anainuka, na Laurie anatusomea maana yake juu ya picha. Mwaka 1978, Loomis alimpiga risasi sita, akaanguka kutoka ghorofani, Loomis akachungulia chini na kukuta nyasi tupu. Kisha Carpenter akatuonesha vyumba, ngazi na nyumba moja baada ya nyingine, na pumzi zinasikika kote, na hakuna aliyefungua mdomo kutuambia ni nini.

Kwa hiyo swali langu kwa mchangiaji wa tatu na wengine mnaokuja: nitajieni mwendelezo mmoja wa picha ya muuaji, siyo wa mazimwi wala wa mizimu, ambao uliendelea kutisha bila kutupa sababu ya muuaji wake. Mimi natafuta, bado sijaupata.