Miraba ya njiti za kiberiti: mbona swali moja linazaa majibu sita?

Mwl_FormOne:
Wakuu, salaam. Swali ni lile la ruwaza: njiti za kiberiti zimepangwa kuwa miraba iliyoshikana kwenye mstari mmoja. Mraba 1 unachukua njiti 4, miraba 2 njiti 7, miraba 3 njiti 10. Kwa miraba 5 karibu darasa zima linapata 16. Tukifika miraba 20 wanatawanyika: 61, 60, 62, 64, 80, na wengine wanaandika n + 3. Jibu sahihi ni 61. Wamefundishwa kitu kimoja na wameona mchoro mmoja. Wanafikirije hawa, na niwarudishe wapi bila kuanza mada upya?

Kokotoa:
Mwalimu, hayo makosa usiyaweke kapu moja. Aliyeandika 80 amezidisha 20 kwa 4, yaani anaona miraba 20 iliyojitenga. Huyo yuko karibu kuliko anavyoonekana. Muulize njiti ngapi zimehesabiwa mara mbili. Miraba 20 ina sehemu 19 za kushikana, na 80 − 19 ni 61.

Wa 64 alichukua 16 za miraba 5 akazidisha kwa 4, na wa 62 alipata 31 za miraba 10 akazizidisha mara mbili. Ni fikra ileile: miraba ikiongezeka mara nne, njiti nazo mara nne. Usimwambie kwamba uwiano haufai hapa, mpe njiti. Aunge vipande vinne vya miraba mitano mitano, na kila kiungo kitamwachia njiti moja isiyo na kazi. Viungo ni vitatu, kwa hiyo 64 − 3. Wa 62 ana kiungo kimoja tu.

Wa 60 anajua kila mraba unaongeza njiti 3, ila amesahau ile inayofunga ubavu wa kwanza.

Wa n + 3 ndiye wa kukaa naye. Kwake n ni idadi ya njiti za umbo lililotangulia, kwako n ni idadi ya miraba. Na ukijaribu n = 1 kanuni yake inatoa 4, ndiyo maana anaiamini! Mwambie aijaribu kwa n = 2. Itatoa 5, na mchoro una 7.

mama_hesabu:
Naongeza hapo kwamba hata hao wenye 61 si kundi moja. Kuna aliyeongeza 3 mara kumi na tisa mpaka akafika, na kuna aliyeandika 3 × 20 + 1. Kwenye daftari wote wana tiki. Wa kwanza anaona namba moja inavyozaa inayofuata, wa pili anaona uhusiano kati ya miraba na njiti. Ukiuliza miraba 100, wa kwanza atachoka au atarukia kuzidisha 61 kwa 5 apate 305 badala ya 301.

Sehemu ya tatizo ni jedwali letu la 1, 2, 3, 4, 5. Namba zikifuatana, jicho la mtoto linashuka na safu ya majibu na kuona "+3" peke yake. Ruka: uliza 3, 7, 19, 43 (njiti 10, 22, 58, 130). Epuka 5, 10, 20, 100, maana zinamwita mtoto azidishe.

Kisha geuza swali. Njiti 100 zinatoa miraba mingapi? 33 kamili. Njiti 80? Miraba 26, na njiti 1 inabaki. Anayetegemea kuongeza tu hapa anakwama mapema.

Fundi wa Aljebra:
Tahadhari kidogo na wanaopata 3n + 1 haraka. Wengi wamekariri kwamba tofauti inazidishwa kwa n halafu unaongeza 1. Na ukiwapa pembetatu (2n + 1) au pembetano (4n + 1) za mstari mmoja watapatia tena, kwa sababu +1 haibadiliki! Wape miraba ya safu mbili: 7, 12, 17. Ni 5n + 2, na aliyekariri ataandika 5n + 1 bila wasiwasi.

Ukitaka waone kanuni inatoka wapi, watumie kalamu za rangi mbili juu ya mchoro. Mmoja atapaka njiti za juu na chini, n na n, na zilizosimama n + 1. Mwingine atapaka mraba wa kwanza wote kisha vipande vya njiti tatu tatu: 4 + 3(n − 1). Waonyeshe kwamba ni kitu kimoja, na hapo kufungua mabano kunapata kazi.

Kokotoa:
Hilo la 64 lina ndugu yake kwenye uwiano. Ndoo 2 za saruji kwa ndoo 6 za mchanga. Ndoo 5 za saruji je? Kuna atakayesema 9 kwa kuongeza 3 kila upande, badala ya 15. Ukishamfundisha kuzidisha, muulize: dada ana miaka 12, mdogo ana 4, mdogo akifika 10, dada atakuwa na mingapi? Utaletewa 30 badala ya 18. Changanya maswali ya aina zote mbili kwenye zoezi moja, vinginevyo mada yenyewe inawapa jibu.

Mwl_FormOne:
Nimewaelewa. Ila darasa lina watoto zaidi ya 70, siwezi kuhoji mmoja mmoja.

mama_hesabu:
Huna haja. Karatasi ndogo, swali moja la miraba 20, na sharti: waandike hesabu bila kuikokotoa. Utapata 20 + 20 + 21, 4 + 19 × 3, 16 × 4, 20 × 4. Zipange mafungu kwa hesabu iliyoandikwa, kila fungu lipate swali lake kipindi kinachofuata. Atakayeandika 61 tupu mrudishie.