Mivinje ya Konde inagemwa utomvu kama mipaini ya bara?

Mkulima wa Konde:
Assalaam alaykum jamaa. Nna mivinje yangu huku Konde, marehemu baba aliipanda kukinga upepo kwenye shamba la muhogo, na sasa imekuwa minene khasa. Juzi kapita mtu anasema Mufindi watu wanagema utomvu wa mipaini na wanalipwa, na kwamba mvinje ni mpaini wa pwani. Nichune magome, nikusanye, yeye atanunua. Lakini kwanza anataka nimlipe pesa ya mifuko na dawa. Kuna aliyewahi kuifanya kazi hii? Na huo utomvu unakwenda wapi hata ukawa na mnunuzi?

Mgema, Chake Chake:
Waalaykumu salaam. Mzee wangu, usimpe hata senti moja, na gome usiliguse.

Mvinje si mpaini. Chuma uzi mmoja wa yale tunayoyaita majani, uvute taratibu. Utaachana kwenye kifundo, na hapo penye kifundo utaona vijimeno vidogo vimezunguka. Vijimeno hivyo ndiyo majani yenyewe, na uzi wa kijani ni kitawi. Sindano ya mpaini haina vifundo, hutoka kwa mafungu, mara nyingi tatu tatu, na ukiivunja inanukia tapentaini. Mvinje hauna utomvu wa aina hiyo. Ukiuchuna gome kuuzunguka unakufa, basi.

Kazi yenyewe nimeifanya Mufindi, upande wa Sao Hill, nikilipwa kwa kilo. Unakwangua gome la nje mpaka liwe laini, halafu kwa kisu cha kugemea unakata mfereji mwembamba, mkono mwepesi, usiingie ndani ya mbao. Unapaka dawa yenye tindikali ya salfa ili kidonda kisizibe mapema, na chini yake unafunga mfuko wa nailoni. Baada ya wiki mbili hivi unarudi, unakata mstari mwingine juu ya ule wa kwanza. Utomvu unashuka mweupe, mzito kama uji, na nguo ukishaingia hautoki. Mti mmoja hutoa kilo 2 hadi 4 kwa mwaka. Baridi ya Juni na Julai ikikaza, mifuko inakaa karibu mitupu. Tajiri wetu hakutupa glavu, na ile dawa ilitubabua viganja. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, maana glavu si kitu cha gharama.

Kiwandani utomvu unachemshwa. Mvuke ukipozwa unakuwa tapentaini, ya kuyeyushia rangi na kutengenezea manukato na dawa za kusafishia. Kinachobaki kikipoa kinaganda kama kioo cha rangi ya asali, ndiyo kolofoni. Hiyo inaingia kwenye gundi, wino wa kuchapia, sabuni, na kwenye karatasi ili isinyonye maji. Wazalishaji wakubwa ni China na Brazil.

Mimi naipenda kazi hii kwa sababu mti unakulipa ukiwa bado umesimama, na vitu vingi vinavyotokana nao vingetengenezwa kwa mafuta ya petroli. Lakini igemwe kwa adabu. Ukiuzungushia mti kidonda unauua, na shina lililojaa utomvu, moto wa msituni ukipita, linawaka vibaya sana.

Bint Fidla, Unguja:
Kaka, na sisi wa taarab je? Kolofoni ndiyo tunayosugua kwenye uta wa fidla. Bila hiyo uta unateleza juu ya nyuzi na sauti haitoki. Tazama fidla yoyote baada ya shughuli, utaona vumbi jeupe limetanda chini ya nyuzi. Mafundi redio nao wanayo ndani ya waya wa lehemu, ule moshi unaopanda wakichoma. Jamani fungueni madirisha, moshi ule unaleta pumu.

Mwalimu mstaafu, Makunduchi:
Visiwa hivi vilijulikana kwa utomvu zamani, ila ni sandarusi. Karne ya 19 meli za Salem, Marekani, ziliichukua Unguja kwa ajili ya vanishi. Nyingi ilichimbwa ardhini huko Mrima, yaani pwani ya bara inayoelekea Unguja, ikiwa imezikwa miaka mingi, na ikishasafishwa ilionesha vipele vidogo kama ngozi ya bata aliyenyonyolewa. Msandarusi ukiuona usiukate.

Mkulima wa Konde:
Nimeuvuta huo uzi. Umeachana kwenye kifundo, na vijimeno nimeviona. Sasa mivinje niifanyie nini?

Mgema, Chake Chake:
Iache ikinge upepo. Mizizi yake inashirikiana na bakteria wanaovuta naitrojeni ya hewani, na udongo unafaidika. Ukihitaji pesa, punguza iliyobanana, uza boriti. Na huyo bwana mpelekee habari zake sheha leo hii, kabla hajafika Micheweni kwa wengine.

Mkulima wa Konde:
Nakwenda baada ya alasiri. Namba yake ya simu ninayo.