Mrejesho: Ruzuku ya taasisi ya familia kwa kikundi kisichosajiliwa

Wakuu, niliuliza kama taasisi ya hisani ya familia inaweza kufadhili kikundi kisichosajiliwa. Moja kwa moja, hapana. Wametuelekeza tupitie shirika lililosajiliwa, lipokee ruzuku kwa niaba yetu na kutoa hesabu. Aliyenishauri nisome kwanza malengo yao, asante sana: hawa wanafadhili maji na elimu tu, ombi la zahanati lingeishia kapuni.

Kilichonishangaza ni kwamba mtaji wenyewe hawaugusi. Umewekezwa, wao wanagawa faida, na bodi imejaa wanafamilia. (Kwa Marekani, sheria inazitaka taasisi za aina hii zitoe takriban asilimia 5 ya mali kila mwaka.)

Tumeomba kisima pamoja na fedha za matengenezo, maana pampu huharibika. Tunasubiri kikao cha bodi.