Nimemaliza PCB: nichague chuo gani cha udaktari ili digrii yangu ikubalike hata nje ya nchi?

NyotaYaNzega

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za saa hizi.

Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Bayolojia), na ufaulu wangu unaniruhusu kuomba udaktari wa binadamu. Nyumbani ni Nzega, baba analima mpunga, mama ana genge la vitenge. Tangu matokeo yatoke kila ndugu ana chuo chake mdomoni.

Mjomba wangu yuko Muscat. Yeye anasema nikisoma Tanzania sitapata kazi nje, nitafute chuo "kinachotambulika duniani". Halafu amekuja wakala kutoka Mwanza mwenye nafasi za chuo kimoja China: miaka sita, kufundishwa kwa Kiingereza, ada anasema ni nafuu kuliko vyuo binafsi vya hapa, na cheti "kinapokelewa nchi zote". Anataka tulipe fedha ya kushika nafasi kabla mwezi haujaisha. Baba ameshaanza kuzungumzia kuuza eka zake za mbugani.

Mimi moyo wangu uko kwenye vyuo vya hapa nchini, Bugando au KCMC, na Muhimbili Mungu akijalia. Nataka kuwa daktari bingwa wa watoto. Ikibidi ubingwa nisome nje, au nifanye kazi nje miaka kadhaa kisha nirudi.

Naomba mniambie ukweli. Je, nikisoma hapa nitakuwa nimejifungia mlango? Na huyo wakala nimuulize nini ili nimwelewe?

DaktariLeeds

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana kwa matokeo.

Mimi ni zao la Muhimbili, intern (mafunzo ya kazi baada ya digrii) nilifanya hospitali ya rufaa ya mkoa, sasa nipo Uingereza. Nitaandika kirefu kwa sababu eka za baba yako zimenigusa.

Anza na hili: hakuna ofisi ya dunia inayotambua digrii za udaktari. Kila nchi ina baraza lake. Tanzania Bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika (MCT), Kenya ni KMPDC, Uingereza ni GMC. Marekani unaanzia ECFMG, taasisi inayohakiki madaktari waliosoma nje ya nchi hiyo, halafu kila jimbo lina bodi yake ya leseni. Kwa hiyo anayekwambia chuo chake kinapokelewa nchi zote, mwambie akutajie baraza moja moja na sharti la kila baraza. Hapo utajua kama anajua anachouza.

Jambo la kwanza ambalo GMC na ECFMG hutazama ni kama chuo kimo kwenye World Directory of Medical Schools. Ni orodha ya wazi mtandaoni, unaandika jina la chuo unakiona bila kulipa. Chini ya jina kuna sehemu inaitwa Sponsor Notes. Usiishie kuona jina tu, fungua hapo usome kama wahitimu wa chuo hicho wanaruhusiwa kuomba cheti cha ECFMG, na ni wa kuanzia miaka gani. Muhimbili, KCMC na Bugando utavikuta. Lakini nakuomba ukumbuke kwamba orodha hiyo yenyewe inasema wazi kuwa kuwemo humo si ithibati. Mawakala wengi huonyesha wazazi ukurasa huo kana kwamba ni muhuri wa ubora, na mzazi asiyejua anatoa pesa.

Jambo la pili ni leseni ya nyumbani. Watu hulipuuza hili kisha linawatesa miaka. Ukimaliza miaka mitano ya MD (digrii ya udaktari) hapa, unafanya intern mwaka mmoja, unasajiliwa na MCT. Usajili huo ndio ninaoutumia mpaka leo kila ninapoombwa barua ya kuthibitisha kuwa sina tatizo la kinidhamu katika taaluma. Kwa GMC, intern ya miezi kumi na miwili mfululizo, yenye angalau miezi mitatu ya magonjwa ya ndani na mitatu ya upasuaji, inakuwezesha kuomba usajili kamili. Intern zetu zina zote mbili. Mtu mwenye digrii nzuri asiye na intern inayokidhi vigezo atarudishwa nyuma.

La tatu hulisikii kwenye matangazo ya vyuo: uhai wa ofisi ya msajili. GMC huthibitisha shahada yako kupitia huduma ya ECFMG iitwayo EPIC. Wao huwasiliana na chuo chenyewe, na chuo ndicho kinachotakiwa kujibu kuwa cheti ni chao. Nimeona rafiki amefaulu mitihani yote, kazi imepatikana, anasubiri mtu mmoja ofisini chuoni kwake ajibu. Kwa hiyo tafuta waliohitimu chuo unachokitaka wakaenda nje, uwaulize: uthibitisho wenu ulichukua muda gani?

Baada ya hapo ni mitihani, na mitihani haiangalii umesoma Mwanza au Shanghai. Kiingereza ni IELTS ya Academic, wastani 7.5 na kila kipengele kisipungue 7.0, au OET daraja B. Kisha mitihani ya udaktari ya GMC: PLAB 1, na PLAB 2 inayofanyikia Manchester. Kwa Marekani ni USMLE, mtihani wa leseni unaofanywa kwa hatua (Step). Step 1 tangu Januari 2022 haitoi alama, ni kufaulu au kufeli tu, kwa hiyo Step 2 ndiyo imekuwa na uzito mkubwa unapogombea nafasi ya mafunzo.

Tanzania imo kwenye orodha ya WHO ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, na Uingereza imejiwekea kanuni ya kutokwenda kutafuta watumishi kwenye nchi hizo. Wewe mwenyewe kuomba kazi unaruhusiwa. Ila ukikutana na wakala anayeahidi kukuajiria hospitali ya Uingereza akiwa Dar, kuwa macho.

Mlandizi88

Mzee asiuze shamba mpaka umesoma jibu la hapo juu mara mbili. Na fedha ya kushika nafasi msitoe. Kama chuo kinakutaka, barua ya udahili inatoka chuoni, na ada inaingia akaunti ya chuo.

Mrudi_Nyumbani

Mdogo wangu, mimi nimesoma China, kwa hiyo nitasema ya huko bila kukuficha na bila kuwaonea.

Miaka ya mwanzo ni mizuri. Anatomia, fiziolojia, maabara zenye vifaa, walimu wanajitahidi na Kiingereza chao. Mambo hubadilika mnapoingia wodini. Mgonjwa ni bibi wa kijijini anayeongea lahaja yake, muuguzi anaandika faili kwa Kichina, daktari anafanya raundi kwa Kichina. Kama Kichina chako ni cha sokoni, unasimama nyuma unatazama. Wenzangu waliokazana na lugha tangu mwaka wa kwanza walitoka madaktari wazuri sana, mmoja wao ni bingwa sasa. Walioridhika na "tunafundishwa Kiingereza" walirudi hawajawahi kumzalisha mama hata mmoja. Mwenzako wa Bugando wakati huo ameshazoea kushinda wodi ya wazazi usiku kucha.

Halafu lilikuja lile janga la korona. Mwanzoni mwa 2020 waliokuwa likizo nyumbani hawakuweza kurudi, viza zilisimama, na wengi walisoma kwa simu hadi 2022. Mabaraza ya nchi mbalimbali yaliuliza, na yalikuwa na haki kuuliza: huyu mazoezi ya wodini aliyafanyia wapi? Waliokuwa Ukraine nao Februari 2022 vita viliwakuta darasani, wakahama nchi hadi nchi kutafuta chuo cha kuwapokea na transkripti ambazo ofisi zilizozitoa zilikuwa zimefungwa. Hakuna aliyeweza kuyatabiri haya. Lakini ukiwa mbali na nyumbani bila fedha ya akiba, tukio kama hilo linakumaliza.

Ukirudi Tanzania kuna hatua mbili. Shahada yako inapelekwa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kutambuliwa, na huko wanataka pia vyeti vya kidato cha nne na cha sita. Kisha Baraza linakupa mtihani kabla ya kuruhusiwa kuanza intern. Mtihani huo uko juu ya malaria kali, kifafa cha mimba, utapiamlo, mambo ya hospitali zetu.

Muulize wakala: chuo kimo kwenye orodha ya Wizara ya Elimu ya China ya vyuo vilivyoruhusiwa kufundisha MBBS (digrii yao ya udaktari) kwa Kiingereza? Intern inafanyikia hospitali gani, na ni ya mwaka mzima? Akuandikie majina ya wahitimu Watanzania watatu waliosajiliwa na MCT. Hilo la tatu ndilo litakalokupa jibu.

PwaniMuscat

Assalaam aleikum. Nafanya kazi hospitali binafsi hapa Muscat, nilisoma KCMC. Mfikishie mjomba salamu na umwambie hivi kwa heshima, maana yeye anasema kwa kukutakia mema.

Huku Ghuba vyeti vyako vyote vinapelekwa kampuni ya uhakiki, inayojulikana zaidi ni DataFlow. Wanauliza chuoni, wanauliza baraza lililokupa leseni, wanauliza hospitali ulikofanya kazi. Kisha unafanya mtihani kwenye kompyuta, watu wanauita Prometric. Na wanataka uwe umefanya kazi baada ya intern. Kijana aliyetoka chuoni jana, awe wa chuo chochote, huku hana pa kuanzia. Kwa hiyo hata ukipita China au India, bado itabidi urudi ufanye kazi nyumbani kwanza. Leseni ya Tanganyika hakuna aliyewahi kuikataa mbele yangu.

Nakuru_Med

Habari dada. Naongezea ya Kenya kwa sababu wengi hufikiri nchi za Jumuiya ni njia rahisi.

Mabaraza ya nchi za Afrika Mashariki hukagua vyuo kwa pamoja na yana makubaliano ya kutambuana, hivyo kusoma Makerere au Nairobi ni chaguo la heshima kabisa. Makerere wamefundisha udaktari tangu 1924. Lakini kabla hujavuka mpaka, hakikisha umekidhi vigezo vya kwenu. Hapa KMPDC wanataka wastani wa C+ kwenye KCSE (mtihani wetu wa mwisho wa sekondari), na C+ hiyo iwepo pia kwenye Bayolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Mwanafunzi anapaswa kuandikishwa nao tangu anapoanza masomo. Tumeona familia zikilipa ada miaka mitano chuo cha nje, mtoto anarudi na digrii halali, baraza linamuuliza alama ya Kemia ya sekondari. Hapo digrii haina kosa, ila mlango wa kuingilia ulikuwa mbaya. Kwa Tanzania angalia mwongozo wa udahili wa TCU, alama za MD zimeandikwa mle.

NyotaYaNzega

Nawashukuru sana, Mungu awazidishie. Nimesoma yote kwa sauti mbele ya baba na mama.

Leo nimempigia wakala nikamuuliza yale matatu. La orodha ya Wizara ya China amesema "itaongezwa". La intern amesema tutachagua wenyewe, hata Tanzania inawezekana. La wahitimu amesema ni siri za wateja. Baba alikuwa amesimama karibu anasikiliza. Habari ya eka imekwisha.

Nimebaki na mambo mawili. Kwanza ubingwa wa watoto: nikisoma MMed (shahada ya ubingwa) hapa, nje wanaihesabu? Pili, cheti changu cha kuzaliwa kina jina la babu mwishoni, cheti cha kidato cha nne kina jina la ukoo, na sina pasipoti. Je, hili lina madhara?

DaktariLeeds

La pili ni kubwa kuliko unavyodhani, kwa hiyo naanza nalo. Uhakiki wote tuliouelezea huanza na jina. EPIC, DataFlow, ubalozi, wote wakiona majina mawili wanasimamisha faili. Cheti cha NECTA (Baraza la Mitihani) ndicho kigumu kugusa, na cheti cha chuo kitafuata jina hilo. Kwa hiyo vingine vyote vifuate hicho. Nenda RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo) uulize utaratibu wa kurekebisha cheti cha kuzaliwa, na kama hairekebishiki wakili akuandalie hati ya kubadili jina isajiliwe kisheria. Pasipoti iombe baada ya hapo. Ukifanya sasa ni nauli na subira kidogo. Ukingoja mpaka umehitimu, utakuwa unabadilisha vyeti vya chuo, vya intern na vya Baraza kwa pamoja.

Kuhusu ubingwa: MMed ya watoto unaweza kuisoma Muhimbili, KCMC au Bugando, na ndani ya nchi ni ubingwa kamili. Uingereza haikuingizi moja kwa moja kwenye daftari la mabingwa. Kuna njia ya kuwasilisha ushahidi wa kazi na mafunzo yako, zamani iliitwa CESR, sasa inaitwa Portfolio Pathway, na ni ndefu. Marekani hata ukiwa bingwa unaanza upya mafunzo ya miaka mitatu ya watoto. Kwa hiyo swali la wapi usome ubingwa litategemea wapi unataka kufanya kazi muda mrefu. Unasema utarudi. Basi kusoma MMed hapa, kisha kwenda nje kwa ubobezi mdogo, mfano moyo au saratani za watoto, kunakufaa zaidi. Hilo utaliamua ukiwa intern, baada ya kukaa wodi ya watoto na kujua kama unaiweza.

Mrudi_Nyumbani

Kuhusu vyuo vyenyewe, ukiomba weka Muhimbili, Bugando na KCMC zote, usijifunge na kimoja, ushindani wa MD ni mkali. Na omba mkopo HESLB (Bodi ya Mikopo) mapema. Fomu ile inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, kwa hiyo hiyo safari ya jina itakusaidia mara mbili.

NyotaYaNzega

Nimewaelewa. Jumatatu mimi na mama tunakwenda ofisi ya wilaya kuuliza habari za cheti, na dirisha la udahili likifunguliwa naomba vyote vitatu. Mjomba nimemtumia maneno ya PwaniMuscat, amenijibu anataka namba ya ada ya mwaka wa kwanza ili aanze kuchangia.