Majirani wa Kibokoni

Jumatano, 6 Mei 2020

17:06 Salma: Assalaam aleikum nyote. Mumemsikia Waziri wa Afya Kagwe? Mji wetu wa Kale hapa Mombasa unafungwa kwa ajili ya korona, pamoja na Eastleigh ya Nairobi. Kuanzia leo saa moja hakuna kutoka wala kuingia, siku 15. Hoteli na vibanda vya chakula vyote vifungwe.

17:09 Salma: Si uvumi. Nimemsikia mwenyewe kwa masikio yangu.

17:31 Salma: Mko wapi jamani? Tiki za buluu zimejaa na hakuna anayejibu.

17:40 Fadhili: Twakaanga bajia za mwisho 😂

17:41 Salma: Fadhili, si wakati wa mzaha. Hafswa ashanunua gunia zima la viazi na mtungi wa mafuta. Ramadhani ndio msimu wake, akikosa sasa hana pa kufidia.

17:44 Khadija: Samahani, mamangu ana siku ya figo Ijumaa hospitali ya Makadara. Hapo kwenye kizuizi cha polisi watatupisha?

17:45 Fadhili: Gunia la viazi? Lileteni kwetu, tutalifuturia mpaka Idi

17:46 Twalib: Na ukwaju mzito 😂

17:46 Fadhili: 😂😂

17:52 Hafswa: Si gunia moja, ni mawili, na la pili ni la mkopo. Mwenye mali ashanipigia.

17:58 Swaleh: Sisi hotelini tulipimwa wafanyakazi wote ndio tukaruhusiwa kufungua mwisho wa Aprili. Hata hatujashika kazi vizuri. Leo tajiri ametwambia turudi nyumbani. Mshahara amesema tutaona.

18:03 Salma: Basi sikizeni. Kila nyumba ambayo bado ina kipato itoe 1,000. Tumeni M-Pesa, kutuma mpaka elfu moja hakukatwi ada siku hizi. Hafswa apike viazi vyake nyumbani, kikundi kimlipe, futari ziende kwa nyumba zilizokosa. Zigawanywe kabla ya saa kumi na mbili, kafyu ni saa moja, sitaki mtoto wa mtu akimbizwe na polisi na bakuli mkononi.

18:05 Salma: Andikeni majina.

18:20 Twalib: Pesa zaingia kwa nani?

18:21 Salma: Kwangu.

18:22 Twalib: Aah. Kama za turubai.

18:22 Salma: Turubai lilinunuliwa. Risiti niliiweka hapa hapa.

18:24 Twalib: Risiti tuliiona. Turubai ndilo hatujaliona. Matanga ya Mzee Shee tulikaa juani.

18:25 Salma: Muulize nduguyo aliyelipeleka Likoni kwa harusi ya shemeji yake. Nimenyamaza mwaka mzima kwa heshima ya mamako.

18:27 Fadhili: Turubai nalo limefungiwa nje, tulitarajie tarehe 20 😂

18:31 Khadija: Jamani, nauliza tena. Ni Ijumaa, na ni kusafishwa damu. Si miadi ya kuahirisha.

18:33 Swaleh: Khadija, enda kwa chifu asubuhi na kadi ya kliniki na kitambulisho, akuandikie barua. Usingoje ufike kwa polisi ndio uanze kujieleza.

18:40 Hafswa: Na kodi? Tarehe 5 ilikuwa jana. Ami Athumani yumo humu.

18:41 Salma: @Ami Athumani

18:50 Salma: Ami, naona uko hewani.

20:47 Ami Athumani: Nilikuwa naswali. Waziri hakutaja kodi. Na mimi nina mkopo wa benki, hakuna aliyeufunga.

21:02 Rukia Maskati: Ndio naona jumbe sasa. Huku Omani walianza na mji wa Matrah peke yake, tarehe 1 Aprili. Tarehe 10 wakafunga Maskati yote, na mpaka leo tumo ndani. Msihesabu 15 mkadhani ni 15. Nunueni dawa za wazee za mwezi mzima. Mimi nimo kwa mchango.

21:10 Twalib: Na hilo la wapimaji wa korona kuja mtaani ndilo siliamini. Ukipatikana na kirusi wapelekwa karantini, na watu wamelipishwa elfu mbili kwa siku. Nani atatoka nyumbani kwake kwa hiari?

21:12 Swaleh: Mimi nilipimwa. Kijiti puani, mara moja, kwisha.

21:13 Fadhili: Kilifika kwenye akili? 😂

21:14 Salma: Tukikataa kupimwa wataongeza siku. Na zitakazoendelea kufungwa ni kazi za kina Hafswa na Swaleh, si zako Twalib.

22:36 Bi Zena: 🎤 2:14

22:41 Mwana: Bibi ameniambia niwaandikie wasio na bando. Asema hivi: "Athumani, ghorofa ile aliiongeza marehemu baba na mimi nilibeba mawe kichwani, wewe ulikuwa mgongoni kwa mama. Hafswa hadaiwi mwezi huu. Mwezi ujao tutazungumza mimi na wewe. Twalib mwanangu, turubai lirudi, na nisilisikie tena. Wapimaji wakija waanze na mimi. Nilizika watoto wawili kwa surua mwezi mmoja, na hakuja hata mtu mmoja kutupima wala kutuuliza."

22:58 Ami Athumani: Nimekusikia dada.

23:05 Ami Athumani: Mwezi huu mmoja.

Alhamisi, 7 Mei 2020

04:20 Fadhili: Nimetuma 1,000. Dakuni mapema.

04:22 Salma: Imefika, Allah akulipe. Ya Rukia pia. Swaleh naona umetuma 300, wewe nakurudishia.

04:25 Swaleh: Usinirudishie.

07:15 Khadija: Niko kwa chifu. Foleni imefika barabarani na hajafungua.

07:40 Twalib: Mimi natoa mkononi, si kwa simu. Nampa Bi Zena.

07:41 Salma: Sawa. Za mkononi ashike Bi Zena, za simu mimi, Mwana aandike zote na kila jioni aweke hapa. Mwakubali?

09:30 Twalib: 👍

09:34 Mama Nassor: 👍 Ndio nimeamka. Kumetokea nini?

10:15 Hafswa: Leo nipike vya nyumba ngapi? Siwashi mafuta bila idadi.

10:16 Salma: Jamani, idadi. Walio na shida waniandikie faraghani, hakuna atakayejua.

10:58 Salma: Tafadhali.

11:20 Ami Athumani: Na pesa za pampu ya maji mwezi huu, nani atoa?