MREJESHO: Miwani ya uhalisia pepe na uchaguzi wa lenzi ya mtoto wa jicho

Niliuliza kama miwani ya uhalisia pepe (VR, kifaa cha kuvaa machoni kinachoonyesha mandhari ya kuigiza) inamsaidia mgonjwa kuchagua lenzi bandia atakayowekewa ndani ya jicho, kabla ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Ahsanteni mliochangia. Kwa kifupi: inaeleza vizuri, haipimi kitu. Vipimo vya urefu wa jicho na mkunjo wa konea (utando angavu wa mbele ya jicho) bado vinahitajika.

Mandhari yenye faida kubwa ni barabara usiku. Ikiigizwa lenzi ya fokasi nyingi (inayolenga mbali na karibu kwa pamoja), taa za magari huzungukwa na duara za mwanga. Dereva wa usiku azione hizo kabla hajalipia. Kisha mwonyeshe simu kwa sentimita 40, kompyuta kwa 70, bango kwa mita 6, kila mara ukimwambia wapi atahitaji miwani ya kawaida baada ya upasuaji.

Inapokwama: mtoto wa jicho aliyekomaa hutia ukungu kila picha, basi lenzi zote zinafanana. Tumia jicho lenye nafuu. Mgonjwa asivuliwe miwani yake ya mbali, la sivyo ukungu wake ataudhania wa lenzi. Pia ubongo huzizoea duara zile kwa wiki au miezi, jambo ambalo onyesho la dakika tano haliwezi kuigiza.

Mwenye glakoma (ugonjwa unaoharibu mshipa wa neva wa jicho) iliyoendelea au ugonjwa wa makula (sehemu ya katikati ya retina) kwa kawaida lenzi ya fokasi nyingi haimfai. Msimtamanishe.