Ukoo wa Tukuyu: mgombea anapatikana lini?

*Ijumaa 10 Julai 2015, jioni*

Shangazi Uyole: Jamani nani ana taarifa za Dodoma? Toka asubuhi redio iko wazi nasikia vikao vikao tu, jina hata moja hawataji. Hivi mgombea wa CCM anapatikana leo au mpaka jumapili?

Dogo Mwanjelwa: Shikamoo shangazi. Huku sokoni kila mtu na lake, mmoja anasema usiku huu mwingine anasema mpaka mkutano mkuu

Shangazi Uyole: Marahaba mwanangu. Umekula?

Dogo Mwanjelwa: Bado, nafunga kwanza, baridi kali leo wateja wameondoka mapema

Dada Iringa: Shikamooni wakubwa. Ngojeni niwapange maana naona vikao vinachanganywa. Waliochukua fomu walikuwa 42, waliorudisha 38. Kamati Kuu inawachuja hao wote inabakiza watano. Watano wanaenda Halmashauri Kuu, NEC, inabakiza watatu. Hao watatu ndo wanapigiwa kura na mkutano mkuu. Kwa ratiba basi ni jumapili, lakini mimi nasema inaamuliwa leo, tena ndani ya chumba cha watu wachache. Ukikatwa kwenye tano umekwisha, hata kama nchi nzima inakutaka hakuna mjumbe atakayeliona jina lako kwenye karatasi

Baba Mdogo: Marahaba mama. Hapo sikubaliani na wewe. Mwaka 1995 mlikuwa wadogo, sisi tulikuwa tumekaa na redio hapa Tukuyu. Walibaki watatu, Mkapa, Kikwete na Msuya. Raundi ya kwanza Kikwete akaongoza, ila hakufika nusu, wakarudia wawili, Mkapa akapata 686 Kikwete 639. Kura 47 tu! Sasa hapo utasema Kamati Kuu ndo iliamua? Wajumbe waliamua wenyewe mle ukumbini

Dada Iringa: Sawa baba mdogo, ila waliamua kati ya watatu waliowekewa mezani. Nani aliwaweka hao watatu

Baba Mdogo: Vikao. Na chama ni vikao, sio kelele za barabarani

Dogo Mwanjelwa: Lowassa lakini hawawezi kumkata, waziri mkuu wa zamani yule, hapa Mwanjelwa watu wake ni wengi mno

Shangazi Uyole: Mimi namsubiri Profesa wangu. Mwandosya ni mtoto wa Rungwe, na 2005 alifika tatu bora na Kikwete na Salim Ahmed Salim, sio mtu wa kubahatisha huyo

Baba Mdogo: Alipata 122 dada yangu, Kikwete 1,072, Salim 476. Lakini kufika pale tu ilikuwa heshima kubwa kwetu, siku ile Tukuyu watu walitembea wamenyoosha shingo

Shangazi Uyole: Ndo maana nauliza lini!! Mwaka huu nimemdhamini mwenyewe, nimesaini kwa mkono wangu. Kila mmoja ametakiwa wadhamini 450 kwenye mikoa 15, mitatu Zanzibar, watu wamezunguka nchi nzima, fomu yenyewe milioni moja, halafu unakatwa usiku tumelala na sababu huambiwi. Mimi sisemi lazima awe wetu, nasema tuambiwe kakosa nini, maana sisi tuliosaini si tumesema tunamwamini? Basi na sisi tujibiwe

Dada Iringa: Hilo ndo linaloniuma na mimi shangazi. Darasani nafundisha watoto uraia, nawaambia mgombea anatokana na wanachama, akiuliza mtoto wanachama walipiga kura wapi hapo kwenye 38 kwenda 5 sina la kumjibu

Baba Mdogo: Wote 38 ukiwapeleka mkutano mkuu utapata fujo, kura zitagawanyika atashinda mtu wa asilimia kumi. Lazima kuwe na chekeche

Dada Iringa: Chekeche liwepo baba mdogo, ila tulione linavyochekecha

*Ijumaa usiku*

Dogo Mwanjelwa: YAMETOKA. Chama wameweka twitter. Membe, Magufuli, Migiro, January Makamba, Amina Salum Ali

Shangazi Uyole: Rudia mwanangu

Dogo Mwanjelwa: Bernard Membe, John Magufuli, Asha-Rose Migiro, January Makamba, Amina Salum Ali. Basi. Lowassa hayupo. Profesa hayupo shangazi, pole

Shangazi Uyole: Haya

Baba Mdogo: Pole dada. Tumeumia wote

Dogo Mwanjelwa: Na kuna wajumbe watatu wa Kamati Kuu yenyewe wametoka wamesema hawakubaliani, Nchimbi, Sophia Simba na Kimbisa

Dada Iringa: Mnaona sasa. Hiyo haijawahi kuwa kitu cha kawaida. Kuna watu wanalia usiku huu na kura ya mkutano mkuu hata haijapigwa

*Jumamosi 11 Julai*

Dogo Mwanjelwa: NEC wameingia, wajumbe wamemwimbia mwenyekiti Kikwete tuna imani na Lowassa

Baba Mdogo: Sijapenda hata kidogo. Mwenyekiti ni mwenyekiti

Dada Iringa: Watasemea wapi sasa baba mdogo kama sio humo humo kwenye kikao? Wao ndo wajumbe

Dogo Mwanjelwa: Tatu bora: Magufuli, Amina, Migiro. Membe na January wametoka

Shangazi Uyole: Wanawake wawili kati ya watatu, hilo nimelifurahia kwa kweli. Mama Migiro amekuwa naibu katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, asidharauliwe

Baba Mdogo: Itakuwa Magufuli. Waziri wa ujenzi huyo, barabara anazijua kilomita kwa kilomita

*Jumapili 12 Julai*

Dogo Mwanjelwa: Magufuli 2,104, Amina 253, Migiro 59. Asilimia 87

Baba Mdogo: Hiyo ndo kura ya wajumbe. Imekwisha

Dada Iringa: Asilimia 87 baba mdogo, linganisha na zile 47 zako za 1995. Wajumbe wamekuta mtu mmoja mzito na wawili ambao hakuna aliyewatarajia, ndo nilichokuwa nasema ijumaa

Baba Mdogo: Hapo nakuachia kidogo, mwaka huu haikufanana na 1995

Dogo Mwanjelwa: Na mgombea mwenza ni Samia Suluhu Hassan

Shangazi Uyole: Vizuri. Mimi nitampigia huyo huyo waliyemleta, sina kinyongo. Ila wale wa Lowassa hapo Mwanjelwa wanasemaje?

Dogo Mwanjelwa: Wako kimya shangazi, wanasema wanamsubiri mwenyewe aongee

Shangazi Uyole: Basi utuambie akiongea. Na kadi zenu za kura mziweke mahali pazuri, 25 Oktoba sio mbali